Kamba ya Misalaba ya Shaba

Nilianza kazi ya kutunza vitu vya kale nikiwa na miaka thelathini na minne, nikitokea maabara ya kiwanda cha shaba. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa ninaloliandika hapa nilitoka nalo kiwandani. Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa nimepima asidi, nimechuja, nimekausha, nimeandika namba kwenye madaftari. Nilikuwa na diploma ya sekondari, mwandiko unaosomeka na mikono isiyotetemeka. Mji wetu wa Likasi ulipopata nyumba yake ndogo ya makumbusho, vyumba vitatu nyuma ya majengo ya zamani katika mtaa wa Panda, wakubwa walitafuta mtu anayeijua shaba. Wakanichukua mimi.

Walinipeleka Lubumbashi miezi mitatu kujifunza. Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja mzee, Mbelgiji, mfupi, aliyevaa miwani moja machoni huku nyingine ikining'inia kifuani. Alinionyesha jinsi ya kuunga chungu kilichovunjika ndani ya sanduku la mchanga, kila kipande kikisimamishwa mchangani mpaka gundi ikauke. Alinionyesha mahali pa kuandika namba ya kitu ili mtazamaji asiione. Na kila asubuhi alirudia amri moja: usiondoe chochote kilichoshika juu ya kitu cha kale kabla hujakichora, hata kama unadhani ni uchafu. Nilimwona mtu wa mashaka mengi. Nilichora kama alivyotaka, nikafaulu, nikarudi nyumbani na cheti changu.

Kazi niliipenda. Vitu vyetu vingi vilitoka makaburini, huko kaskazini kando ya maziwa ya Upemba, ambako watu wa kale walizikwa pamoja na vyungu vyao, mashoka, bangili na misalaba midogo ya shaba. Hiyo si misalaba ya kanisa. Ni vipande vya shaba vilivyomiminwa kwenye udongo vikiwa na mikono minne, vikubwa kama kiganja au vidogo kama ukucha, na wazee wetu waliitumia kununulia vitu kabla hatujajua noti. Kila kitu kilichoingia nilikiandikia fishi yake: kadi ya karatasi ngumu yenye namba, mahali kilipotoka, hali yake, na kile nilichokifanya juu yake. Fishi zilikaa katika sanduku la mbao. Mtu akitaka kujua kitu kimepitia mikono gani, anavuta fishi, anasoma. Nilikuwa najivunia lile sanduku.

Mtu niliyemkosea alikuwa mtafiti mmoja, mdogo wangu kwa miaka kama kumi. Alizaliwa Panda hapa hapa. Baba yake alikuja kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi kiwandani, akastaafu, akazikwa huku. Yeye alifundisha historia katika shule moja ya sekondari mjini, na likizo zote alikwenda kaskazini kuchimba. Alikuwa anaandika tasnifu ya udaktari, na kazi yake yote ilisimama juu ya swali moja: je, wale watu wa kale walifunga misalaba yao midogo kwa mafungu ya tano tano, kwa kamba, wakaihesabu kabla ya kumwekea marehemu? Kama waliifunga, basi walikuwa na hesabu yao ya soko, yenye kipimo ambacho mtu wa kijiji hiki na wa kijiji kile wote walikijua. Kama ilitupwa tu kaburini, hana la kusema. Makaburi mengine aliyoyachimba yalitoa misalaba iliyotawanyika, kwa kuwa kamba huoza. Maprofesa wake walimjibu kwa kifupi: wewe unasema kamba, tuletee kamba.

Halafu akapata kaburi moja ambamo misalaba ilikuwa bado imeshikana. Aliitoa kwa magoti yake mwenyewe, akaifunga kwa plasta na vitambaa, akaipakata kwenye lori siku mbili mpaka Likasi. Alipoiweka mezani kwangu ilikuwa donge la kijani, ukubwa wa ngumi mbili. Huku na huku ulichomoza mkono wa msalaba.

"Yaya," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, "hii njo kazi yangu yote. Uifungule pole pole."

Nilimwahidi kuanza nikimaliza vyungu. Vyungu havikwisha. Donge lilikaa rafuni miaka miwili, na hilo nalihesabu kuwa kosa langu la kwanza, ingawa wakati ule halikuonekana kosa. Kila alipopita mjini alisimama mlangoni.

"Yaya, bantu bangu balifufuka?"

"Bado banalala, Dokta."

"Usiniite Dokta. Siyakuwa Dokta juu yako. Diplome yangu weye njo unaikalia."

"Kama naikalia, basi iko na joto. Vumilia."

Alicheka, akakaa, tukanywa chai. Tulikuwa marafiki kwa namna hiyo, bila kuulizana mengi ya nyumbani.

Kisha ikaja miaka ya shida, na donge bado liko rafuni. Kiwanda kilipungua, kikasimama. Mishahara ilikoma, shule zikafungwa na kufunguliwa na kufungwa tena. Wezi walikata waya za shaba kwenye nguzo, na mimi niliitoa misalaba yetu kwenye makabati ya kioo na kuificha ndani ya mapipa ya unga matupu. Wageni hawakuja. Niliendelea kwenda kazini kila asubuhi kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Halafu wanasiasa walianza kusema kwamba watu wa Kasai warudi kwao, hata wale ambao kwao ni hapa. Sitaeleza mengi, walioona wanajua. Baba yangu alikuwa Mubemba na mama yangu Muluba wa huku, basi hakuna aliyegonga mlango wangu. Nilifunga dirisha upande wa barabara. Nyumba ya mtafiti ilichukuliwa, na yeye, mke wake na watoto wanne walihamia stesheni, pamoja na maelfu ya wengine, kungoja treni ya kwenda Kasai.

Nilimkuta siku ya tatu. Alikuwa amekalia sanduku la bati lililojaa karatasi zake. Juu yake walikuwa wametundika hema la plastiki, na pande zote zilikuwa wazi.

"Karibu ku nyumba yangu, yaya," alisema. "Ingia. Mulango uko kila fasi."

Nilimpa mkewe bukari, ugali wetu, na mboga za majani alizopika mke wangu. Niliuliza habari za watoto.

"Beko hapa. Mukubwa iko na homa, lakini anacheza." Kisha akanivuta kando. "Sikia. Sikuombi chakula. Naomba kintu kimoja. Lile donge, ulifungule. Kama kuko kamba, unichoree. Hata kipande ya urefu ya kidole. Nitaenda na ile karatasi. Bila ile, kule hakuna mutu atanisikia, na huku sitarudia tena."

"Treni inakuya lini?"

"Mungu njo anajua. Leo banasema kesho. Kesho banasema kesho."

"Unipatie juma mbili."

"Kama treni inanipatia juma mbili, na minye nakupatia."

Nilianza siku ile ile. Umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuja na kuondoka, kwa hiyo nilihamisha meza hadi dirishani na kufanya kazi kwa mwanga wa jua, nikiwa na lenzi, sindano na burashi ya nywele laini. Ile kutu ya kijani ni ngumu kama jiwe. Unachokoa punje moja, unapuliza, unatazama, unachokoa nyingine. Kwa siku nne nilifungua pembe moja tu ya donge, eneo lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Na katika eneo lile, siku ya nne, niliona mistari. Ilikuwa miembamba, imelala ubavu kwa ubavu, imeinama upande mmoja.

Hapo ndipo nilipopaswa kuchukua kalamu. Karatasi ilikuwa mezani. Niliona mistari ile nikafikiri: subiri, fungua kidogo zaidi, uione yote, ndipo uchore kitu kizuri cha kumpelekea. Sikuchora. Niliendelea kuchokoa mpaka jua likageuka.

Kesho yake asubuhi, mjini ilisemekana mabehewa yamefika na treni itaondoka baada ya siku moja. Nilikwenda stesheni, nikaona kweli watu wanafunga mizigo. Nilirudi Panda nikitembea haraka. Kwa sindano ningehitaji mwezi mzima. Nilijua njia ya saa tatu.

Mtu wa nje anaweza asielewe jinsi njia ile ilivyokuja kwangu bila kuitafuta. Kiwandani tulipokea mawe ya kijani, tukayatia asidi, asidi ikala kijani chote na kugeuka maji ya bluu, na uchafu usioliwa ukabaki chini. Hiyo ilikuwa kazi ya mji mzima. Wanaume wa Panda husafisha kwa asidi vikombe vya mashindano, mabomba ya maji, hata visu vya jikoni. Kwetu kijani ni udongo, na shaba ni ile nyekundu iliyo chini yake. Nilidhani kamba iko chini ya kijani, kama mtu aliye chini ya blanketi. Niondoe blanketi, nimwone.

Nilikwenda kwa mwenzangu wa zamani aliyekuwa analinda maabara iliyofungwa. Alinijazia chupa bila kuuliza kibali.

"Unaenda kupika nini na hii?"

"Bantu ya makaburi."

"Basi pole pole, mukubwa. Bale habana haraka."

Nilichanganya sehemu moja ya asidi na kumi za maji kwenye bakuli la kioo, nikaweka donge ndani. Lilitoa mapovu. Maji yakaanza kuwa na rangi, na baada ya saa moja msalaba wa kwanza ulijitenga, mwekundu, safi, mikono yake minne imenyooka. Nakiri nilifurahi. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu nione kazi inakwenda mbele yangu. Ulitoka wa pili, wa tatu. Nilikuwa nauosha kila mmoja na kuupanga juu ya kitambaa.

Ndipo nilipoona, ndani ya maji, vipande viwili vya kitu kama uzi. Vilitoka katikati ya donge vikaelea karibu na ukingo wa bakuli. Vilikuwa vya kijani. Kimoja nilikishika kwa kibano kikageuka tope. Cha pili nilikitazama nikitafuta kijiko cha kukitolea, na wakati natafuta kilikwisha. Nilielewa pale pale nikiwa nimesimama. Kamba haikuwa chini ya kijani. Katika miaka ile yote udongoni, shaba ilikuwa imeingia katika nyuzi zake, nyuzi zikaoza na kijani kikabaki na umbo lao. Kamba yenyewe ilikuwa kijani, na kijani nilikuwa nimekitia asidi.

Nilitoa donge haraka, lakini halikuwa donge tena. Nilitia chokaa ya machimbo ya Kakontwe kwenye maji ya bluu ili kuua asidi, kama tulivyozoeshwa kiwandani, nikayamwaga uani. Nilimwaga na lile tope la chini bila kulichuja, mtu wa maabara mimi, niliyechuja kwa miaka kumi na miwili.

Nilihesabu misalaba. Ilikuwa kumi na mitano.

Njiani kwenda stesheni nilipanga maneno. Nilikuwa na nia ya kusema ukweli, nadhani. Nilibeba misalaba mitatu katika leso. Nilimkuta anafunga sanduku kwa kamba ya katani, na jirani yake, mama mmoja mnene mwenye watoto na kuku wawili, anamsaidia kuvuta fundo.

Nilifungua leso. Aliutazama msalaba mmoja kwa muda.

"Yaya. Inang'aa."

"Ndiyo."

"Ilikuwa ngapi?"

"Kumi na tano."

Midomo yake ilitembea. "Tano mara tatu," alisema taratibu. Alinitazama kama mtu anayengoja sahani iwekwe mbele yake. "Na kamba?"

"Hakuna."

"Hata alama?"

"Hata alama."

"Ulitazama na lenzi?"

"Na lenzi. Bizuri. Hakuna."

Yule mama alikuwa anasikiliza. "Papa," aliniambia, kama watu wa huku wanavyomwita baba, "kama munatafuta kamba, minye niko nayo hapa, meta nne! Ya bure!" Watu wa karibu walicheka, na mtafiti alicheka pia, akafuta macho. Kisha alitoa daftari, akaandika. Aliandika tarehe, namba ya donge, idadi ya misalaba, na kwamba mtunzaji amelifungua lote na hakuona alama yoyote ya kamba. Alinisomea kwa sauti ili nithibitishe. Nikathibitisha.

Ni vigumu kueleza uwongo ule. Haukunipa faida. Nafikiri niliona kwamba "hakuna" ni neno ambalo mtu anaweza kuondoka nalo, lakini "ilikuwako na nimeiharibu" angelibeba kichwani siku zote za safari. Hayo ndiyo niliyojiambia. Mke wangu, nilipomsimulia jioni ile, hakuyakubali.

"Hapana," alisema. "Uliogopa paka uso wake, uso tu."

Treni haikuondoka kesho yake. Mabehewa yalikuwa ya mizigo mingine. Wakangoja tena, na tena, jumla siku kumi na moja baada ya uwongo wangu. Muda ambao sindano yangu ilikosa ulikuwepo. Labda si mwezi, lakini kwa siku kumi na moja zaidi ningeifungua pembe ile, ningeichora mistari ile, na karatasi moja ingetosha. Kila siku nilikwenda stesheni na chakula. Kila siku tulizungumza: homa ya mtoto, maji, mvua iliyopita chini ya hema. Mara kumi na moja nilikuwa mbele yake, na mara kumi na moja nilirudi nyumbani na sufuria tupu bila kusema.

"Ulimuambia?" mke wangu aliuliza kila niliporudi.

"Bado."

"Bado! Treni ikienda, utamuambia na firimbi?"

Ilipokwenda kweli nilikuwepo. Walipanda juu ya mizigo, watoto wakapitishwa mikononi mwa watu. Alinishika mkono kutoka juu, mlangoni mwa behewa. "Uchunge bile bintu, yaya," alisema. Nilisema nitavichunga. Siku ile ile nilijaza fishi ya donge, na kwenye mstari wa hali yake niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: Hakuna alama ya kamba.

Nilivichunga vitu vyote. Hilo naweza kulisema. Wakati watu walikuwa wanayeyusha kila kipande cha shaba, hakuna msalaba hata mmoja uliotoka katika nyumba ile. Paa lilivuja, nilihamisha mapipa. Gundi iliisha, niliacha vyungu vikiwa nusu. Nilikuwa mtunzaji wa nyumba isiyofunguliwa, na watu wa Panda walinitania, wakiniita papa wa unga usiopikwa. Lakini sikufungua tena sanduku la fishi bila sababu, na nilipokuwa na sababu nilivuta fishi zangu kwa haraka, nikiruka ile.

Miaka mitano au sita ilipita hivyo. Posta haikufanya kazi. Barua zilikwenda na watu. Mama mmoja mfanyabiashara wa samaki wakavu, aliyekuwa akipanda treni kwenda Kasai na kurudi, aliniletea bahasha ya kahawia iliyojaa harufu ya bidhaa yake. Ndani mlikuwa na karatasi chache zilizopigwa chapa, makala yake, kwa Kifaransa. Juu aliandika kwa mkono: Kwa yaya wangu, mwenye mikono ya subira.

Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Alikuwa anakana dai lake mwenyewe. Aliandika kwamba kwa miaka mingi alishikilia kwamba misalaba midogo ilifungwa tano tano. Fungu moja tu lililotoka udongoni likiwa zima lingeweza kuthibitisha hilo, na fungu lile lilifunguliwa huko Likasi na mtunzaji mwangalifu aliyelichunguza kwa lenzi, bila kuona alama yoyote. Kwa sababu hiyo, aliandika, uaminifu unamtaka aliache dai. Kulikuwa na aya nzima ya kuliacha, bila malalamiko. Kazi ya maisha yake alikuwa ameiweka chini kwa neno langu.

Nilimwonyesha mke wangu. Hajui Kifaransa kingi, nikamfasiria. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Sasa utaandika," alisema, "ao minye nitapeleka mutu akuandikie?"

Niliandika. Barua ilinichukua siku nyingi kuliko inavyostahili, kurasa mbili tu. Nilieleza pembe niliyoifungua, mistari niliyoiona na sikuichora, asidi, nyuzi mbili ndani ya maji, tope nililolimwaga, na maneno niliyomwambia stesheni. Sikujitetea kwa treni. Nilimpa mama wa samaki, akaificha kifuani.

Jibu lilikuja baada ya miezi minne. Lilikuwa fupi. Mwanzoni alisema kwamba siku ile stesheni aliona matobo madogo kwenye mkono wa shati langu. Baba yake alikuwa na mashati kama hayo, aliandika. Watoto wote wa Panda walikua wakiyaona kwenye kamba za kuanikia, wakajua asidi imefanya kazi hapo. Alijua tangu siku ile kwamba nilitumia asidi. Aliamini hata hivyo kwamba kama ningeona kamba ningemwambia. Kuhusu hilo hakuandika neno zaidi. Chini yake kulikuwa na maswali matano yenye namba.

Nyuzi zilikuwa mbili zilizosokotwa pamoja, au uzi mmoja? Zilisokotwa kuelekea kulia au kushoto? Kamba ilizunguka misalaba yote, au kila mitano peke yake? Uliona nini hasa kabla ya asidi, na nini baada yake? Kwa nini uliniambia hakuna?

Nilikaa dirishani, pale pale nilipofanyia kazi, nikafunga macho nijaribu kuona ile pembe. Niliiona vizuri. Niliona mistari imeinama kulia. Nikaandika: kulia. Kisha nikafunga macho tena, nikaiona imeinama kushoto, vizuri vile vile. Nilijaribu kwa siku tatu. Nilijikuta naiona kamba ikizunguka misalaba mitano, fundo lake, hata ncha yake iliyokatwa, na nikajua hivyo vyote sikuwahi kuviona. Nilikuwa navitengeneza kwa ajili yake, kwa sababu nilitaka kumrudishia kitu. Ningeweza kuandika tano. Angefurahi, na hakuna mtu duniani angenipinga.

Nilichana karatasi ile nikachukua nyingine. Kwa swali la kwanza niliandika: nadhani zilikuwa mbili, siwezi kuapa. La pili: sikumbuki. La tatu: sikuona. La nne: kabla, mistari katika eneo la ukucha mmoja, baada, vipande viwili vilivyoyeyuka. Kwa la tano niliandika majibu marefu matatu na kuyafuta yote. Mwishoni niliandika: niliona haya.

Alijibu mara moja ya mwisho. Alisema amewaandikia wachapishaji wa makala yake kuwaeleza kwamba fungu la Likasi haliwezi kutumika kwa upande wowote. Haiwezekani kusema lilifungwa, haiwezekani kusema halikufungwa. Dai lake hakuweza kulirudisha, kwa sababu sasa halina mguu wa kusimamia, ila angalau haliko tena chini ya uwongo. Aliomba fishi isomeke hivyo hivyo, ili atakayekuja baadaye asidanganyike. Alimsalimu mke wangu. Mimi hakunisalimu.

Kesho yake nilikwenda kazini mapema, nikavuta fishi. Amri ya kazi yetu ni kwamba fishi haifutwi wala haibadilishwi na mpya. Maneno ya zamani hupigwa mstari mmoja ili yaendelee kusomeka, na ya kweli huandikwa chini. Nilipiga mstari juu ya Hakuna alama ya kamba. Chini yake niliandika: Alama zilionekana, hazikuchorwa, ziliharibiwa na mtunzaji kwa asidi. Idadi na mpango wa nyuzi havijulikani. Niliandika tarehe, nikaweka sahihi yangu kamili, nikarudisha fishi mahali pake kati ya fishi za vyungu.